Mkia wa trilobaiti ni nini hasa? Safari ya miaka 300 ya kipande kimoja cha mwili

Ukimtaja trilobaiti, wengi hukumbuka picha ileile: mnyama bapa wa baharini, mgongo wenye mistari mistari, macho makubwa, amelala ndani ya jiwe. Watu huanza kumtazama machoni. Leo tunakuomba uanze upande wa pili, kule nyuma, kwenye kile kibamba kigumu ambacho wengi hukipita bila kukitupia jicho.

Kibamba hicho kinaitwa pigidiamu. Ni neno lenye asili ya Kigiriki, na maana yake, usicheke, ni "kitako kidogo". Kwa zaidi ya miaka 300 kimewasumbua watu wazito. Kuna waliodhani ni sehemu ya samaki. Kuna walioshindwa kujua kama ni mkia au kichwa. Na kuna waliokitumia kama ushahidi katika kesi kubwa ya ukoo wa wanyama, kesi ambayo hadi leo haijafungwa. Twende taratibu.

Kwanza tuelewane kuhusu mwili

Trilobaiti walikuwa athropoda, yaani wamo katika kundi lile pana la kaa, kamba, nge, tandu, jongoo na wadudu. Wanaonekana kwenye miamba ya bahari kuanzia kama miaka milioni 521 iliyopita. Wa mwisho walitoweka miaka milioni 252 iliyopita, katika maangamizi makubwa yaliyofunga kipindi cha Pemiani. Spishi zaidi ya 20,000 zimeshapewa majina.

Jina lao linamaanisha "wenye sehemu tatu", na hapa wengi hukosea. Sehemu tatu zinazosemwa si kichwa, kifua na mkia. Ni mgawanyo wa urefu: tuta la katikati linalokwenda toka mbele hadi nyuma, na ubavu mmoja kila upande. Ila ni kweli pia kwamba mwili umegawanyika mbele kwenda nyuma: kuna kichwa, kuna kifua chenye pingili zinazojongea moja juu ya nyingine, halafu mwishoni kuna pigidiamu.

Pigidiamu si pingili moja. Ni pingili kadhaa zilizoshikana zikawa bamba moja lisilokunjika, pamoja na kile kipande cha mwisho kabisa cha mwili. Ukiiangalia kwa makini utaona mifereji inayoonyesha mahali ambapo pingili moja inaishia na nyingine inaanzia, kama alama za vifundo kwenye mua.

Tofauti kati ya spishi ni kubwa mno. Balcoracania dailyi wa Australia Kusini alikuwa na pingili za kifua zinazofika 103, na mkia mdogo usioonekana vizuri. Isotelus rex wa Manitoba, Kanada, aliyetangazwa mwaka 2003 akiwa na urefu wa sentimita 72, alikuwa na pingili 8 tu za kifua, lakini mkia wake ni bamba pana linalokaribia kichwa kwa ukubwa. Halafu kuna Agnostus, kiumbe wa milimita chache, mwenye pingili 2 tu za kifua katikati ya mabamba mawili yanayofanana kama pacha.

Swali basi ni hili: kwa nini mmoja ana mkia mkubwa na mwenzake hana? Jibu limechukua muda mrefu kupatikana.

Samaki ambaye hakuwa samaki

Mwaka 1698 jarida la Royal Society la London lilichapisha barua ya Edward Lhwyd, msimamizi wa Makumbusho ya Ashmolean kule Oxford, kwenda kwa daktari Martin Lister. Ndani yake mlikuwa na mchoro wa kisukuku kilichopatikana karibu na Llandeilo, Wales. Lhwyd alikiona kuwa ni mifupa ya samaki bapa. Leo tunajua alikuwa ameshika trilobaiti anayeitwa Ogygiocarella debuchii. Ukiutazama mkia wa mnyama huyu, mpana, wenye matuta yaliyopangika kama mbavu pande zote mbili, hutamlaumu sana. Hata wewe ungesema ni samaki.

Jina "trilobaiti" lilitolewa na Mjerumani Johann Walch mwaka 1771. Mwaka 1822 Mfaransa Alexandre Brongniart akachapisha kitabu kilichowapanga trilobaiti katika jenasi, na baadhi ya majina aliyoyatoa bado yanatumika: Calymene, Asaphus, Paradoxides. Kwa yule mdogo mwenye mabamba pacha, Brongniart alichagua jina la kukiri hali halisi: Agnostus, yaani "asiyejulikana". Linnaeus alikuwa ameshamfananisha na punje ya njegere. Miamba ya Sweden imejaa mabamba yake kwa maelfu, lakini mengi yametengana, na ukiokota moja unabaki kujiuliza: hiki ni kichwa au ni mkia?

Usidhani ni tatizo la Agnostus peke yake. Trilobaiti, kama kaa na jongoo, alikua kwa kujivua gamba. Mnyama mmoja aliacha magamba mengi katika maisha yake, na kila gamba lililoachwa lilimeguka vipande: kichwa huku, pingili kule, mkia pengine. Kwa hiyo visukuku vingi vilivyomo kwenye droo za makumbusho ni vipande tu, na mara nyingi kipande hicho ni pigidiamu pekee. Spishi nyingi zimepewa majina kwa kutazama mkia, halafu baadaye ikabidi watu watafute kichwa kinachoendana nao.

Na kuna mahali ambapo watu wa kawaida waliijua mikia hii kabla ya mtaalamu yeyote kuipa jina la Kilatini. Katika jimbo la Shandong, China, kuna mawe ya kipindi cha Kambria yaliyojaa pigidiamu zenye miiba miwili mirefu iliyotanuka kama mbawa. Wenyeji waliyaita mawe ya mbayuwayu, au mawe ya popo, na waliyachonga kuwa vibao vya kusagia wino. Mwaka 1899 ndipo Bergeron, Mfaransa, alipompa mnyama huyo jina la kitaalamu. Leo anaitwa Neodrepanura. "Mbawa" zote zile za mbayuwayu zilikuwa kitako.

Mfaransa wa Bohemia

Sasa tuingie kwenye kiini cha hadithi. Joachim Barrande alizaliwa Ufaransa mwaka 1799 na akasomea uhandisi. Alikuwa mwalimu wa mjukuu wa mfalme Charles X, na mapinduzi ya mwaka 1830 yalipoifukuza familia hiyo, Barrande aliondoka nayo. Mwishowe akajikuta Prague. Huko alipewa kazi ya kupima njia ya reli, na njia ilipita kwenye miamba iliyojaa visukuku. Reli ikasahaulika. Maisha yake yote yaliyobaki aliyatumia kwa miamba ile, na mkusanyo wake aliuacha kwa Makumbusho ya Taifa ya Prague. Mtaa wa Barrandov katika jiji hilo umepewa jina kwa heshima yake.

Miongoni mwa trilobaiti wake alikuwapo mmoja anayeitwa Sao hirsuta. Barrande hakutosheka na wakubwa wenye sura nzuri. Aliwatafuta wadogo, na wadogo wa wadogo, mpaka akapata ambao hawafiki hata milimita moja. Akawapanga kwa ukubwa na kuzitambua hatua 20 za ukuaji, kuanzia kijidude cha mviringo kisicho na kiungo chochote, hadi mtu mzima mwenye pingili 17 za kifua.

Kwa nini jambo hili lilikuwa zito? Kwa sababu mwanasayansi mwingine wa Prague, August Corda, alikuwa ameshavitazama visukuku vya aina hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1847 pamoja na Ignaz Hawle, na watoto wa Sao walikuwa wametawanywa katika jenasi na spishi kadhaa tofauti. Yaani mtoto, kijana na mtu mzima wa familia moja walikuwa wamepewa kila mmoja ukoo wake! Mfuatano wa Barrande ulionyesha kwamba majina yote yale yalikuwa ya mnyama mmoja katika umri tofauti. Corda hakupata nafasi ya kulijibu suala hili kwa kirefu: mwaka 1849 alikufa maji baharini akirudi kutoka Texas. Juzuu kubwa ya Barrande kuhusu trilobaiti ilitoka mwaka 1852.

Kuna kinaya hapa ambacho mwanafunzi wa historia ya sayansi atakipenda. Barrande aliipinga nadharia ya Darwin mpaka mwisho, na aliamini kwamba trilobaiti wake wanaikanusha. Lakini michoro yake ya ukuaji ikawa msingi ambao wanamageuko wameujengea hadi leo. Data nzuri haiulizi mwenye nayo anaamini nini.

Foleni yenye mlinzi nyuma

Sasa hebu tuone mfuatano ule unasema nini kuhusu mkia.

Mtoto wa trilobaiti huanza akiwa na ngao moja isiyokunjika. Charles Emerson Beecher wa Chuo Kikuu cha Yale ndiye aliyeipa hatua hiyo jina la protaspisi, katika miaka ya 1890. Baadaye kiungo cha kwanza kinatokea, na mwili unagawanyika mara mbili: ngao ya kichwa mbele, ngao ya nyuma nyuma. Kifua bado hakipo kabisa. Kisha, gamba linapovuliwa, pingili moja ya mbele kabisa ya ngao ya nyuma inajitenga na kuwa pingili ya kwanza ya kifua. Gamba likivuliwa tena, ya pili inajitenga nyuma yake. Halafu ya tatu. Hatua hii inaitwa meraspisi, na ikikamilika idadi ya pingili za kifua, mnyama ameingia hatua ya holaspisi. Majina haya mawili ya mwisho yalitolewa na Frank Raw mwaka 1925.

Umeona kinachotokea? Kila pingili ya kifua ilianza maisha yake ndani ya mkia. Pigidiamu ya mtoto ni chumba cha kusubiria.

Ifikirie kama foleni. Watu hutoka foleni upande wa mbele wakishahudumiwa, na wapya hujiunga nyuma. Ila foleni hii ina jambo la ajabu: mtu wa mwisho habadiliki. Ni kama mlinzi aliyesimama mkiani, na kila mgeni anayefika anaingizwa mbele yake. Mlinzi huyo ni kile kipande cha mwisho kabisa cha mwili. Mbele yake tu kuna eneo la ukuaji ambako pingili mpya hutengenezwa.

Kwa hiyo kuna kasi mbili zinazoendelea kwa pamoja: kasi ya kutengeneza pingili nyuma na kasi ya kuziachia mbele. Kinachobaki katikati ndicho mkia. Ni kama salio la kwenye simu: linategemea umeweka kiasi gani na umetoa kiasi gani. Balcoracania alitengeneza nyingi na kuachia karibu zote, akabaki na kifua kirefu na kimkia kidogo. Isotelus aliachia 8, akafunga mlango, na zilizobaki zikashikana daima. Wanyama hawa wawili hawakuhitaji mpango tofauti wa mwili. Palipobadilika ni wakati wa kuanza na wakati wa kuacha.

Na ndiyo maana tofauti hizi zina maana kubwa kwa maisha ya mnyama. Trilobaiti wengi waliweza kujikunja wakawa duara, kama jongoo anapoguswa, wakaficha tumbo na miguu ndani. Mkia unaolingana na kichwa hufunga kama mfuniko wa sufuria yake. Mkia mdogo huacha mwanya. Katika bahari yenye wanyama wala nyama, mwanya huo si jambo dogo.

Miguu chini ya kitako

Kwa muda mrefu watu walibishana kama trilobaiti walikuwa na miguu hata kidogo. Gamba la mgongo lilikuwa gumu, lenye madini, likahifadhika. Miguu ilikuwa laini ikaoza. Katika miaka ya 1870 Charles Walcott aliwakata trilobaiti wa jimbo la New York vipande vyembamba kama mtu anayekata mkate, na akaonyesha mabaki ya miguu ndani ya jiwe. Kisha ikaja zawadi kubwa: karibu na mji wa Rome, katika jimbo lilelile, yalipatikana matabaka yenye trilobaiti aina ya Triarthrus ambao miguu na papasi zao ziligeuzwa kuwa pairaiti, ile madini ya rangi ya dhahabu inayodanganya wachimbaji. Beecher aliwasafisha mmoja mmoja kwa uvumilivu, na mwaka 1894 akaandika makala mahususi kuhusu miguu iliyo chini ya pigidiamu.

Alichokiona ni kwamba bamba la mkia, ambalo kwa juu ni kitu kimoja, kwa chini lina jozi za miguu zilizopangana. Na jinsi unavyokwenda nyuma, miguu inazidi kuwa midogo na michanga. Hiyo inaendana kabisa na hadithi ya foleni: aliyeko nyuma ndiye aliyezaliwa jana.

Hata Agnostus alipata suluhisho lake. Mwaka 1987 Klaus Müller na Dieter Walossek walieleza visukuku vidogo vya Sweden ambavyo miili yake laini, pamoja na miguu, ilikuwa imehifadhiwa kwa fosfeti. Hapo haikubaki shaka ipi ni mbele na ipi ni nyuma. Ila likazuka swali jipya: miguu ile ilikuwa ya ajabu kiasi kwamba watafiti hao walimtoa Agnostus katika trilobaiti na kumweka karibu na ukoo wa kaa na kamba. Mwaka 2019 Joseph Moysiuk na Jean-Bernard Caron walichunguza jamaa zake kutoka Burgess Shale, Kanada, na wakamrudisha karibu na trilobaiti. "Asiyejulikana" anaendelea kulitendea haki jina lake.

Jina moja, vitu vitatu

Hapa ndugu msomaji unatakiwa kuwa macho, maana ukifungua vitabu vitatu vya zoolojia utaikuta pigidiamu mahali patatu, na si kitu kimoja.

Kwa trilobaiti, kama tulivyoona, ni bamba la pingili nyingi zilizoungana.

Kwa mbawakawa, ni bamba la mgongo la pingili ya mwisho inayoonekana, ile inayochungulia nyuma mbawa ngumu zinapoishia. Ni pingili moja, tena upande wa juu tu.

Kwa anelida, yaani nyungunyungu na jamaa zake wa baharini, ni kile kipande cha mwisho chenye tundu la kutolea uchafu, na wataalamu hawakihesabu kuwa pingili hata kidogo. Hakitokani na eneo la ukuaji. Eneo la ukuaji liko mbele yake, na kila pingili mpya inaingia hapo. Ukimkata nyungunyungu nyuma, kwa spishi nyingi upande wenye kichwa unaweza kuotesha tena pingili za nyuma, na kinachofanya kazi ni eneo hilohilo. Ule upande wa mkia, kwa kawaida, hufa. Usiamini wanaokwambia unapata wawili.

Kwa athropoda, kipande kinacholingana na hicho cha mwisho huitwa telsoni. Kwa kamba ni lile jani la katikati kwenye kipepeo cha mkia. Kwa nge ni kile kifuko chenye mwiba wa sumu. Kwa jongoo ni pete ya mwisho kabisa: kijongoo hutoka yaini na pete chache na miguu michache, na kila akijivua gamba pete mpya huongezeka mbele ya telsoni. Mlinzi wa foleni yupo hata kwake.

Kesi ya ukoo

Sasa linganisha. Nyungunyungu: pingili mpya zinaingia mbele ya kipande cha mwisho. Jongoo: vilevile. Trilobaiti: vilevile. Ukiona watu watatu wana kovu moja mahali pamoja, utadhani nini? Kwamba wamezaliwa nyumba moja.

Hivyo ndivyo zoolojia ilivyofikiri kwa karibu karne mbili. Mwaka 1812 Georges Cuvier aliwagawa wanyama katika matawi manne, na tawi moja, Articulata, liliwaweka pamoja wenye miili ya pingili: minyoo ya anelida na athropoda. Ukuaji wa mbele ya kitako ukaja kuwa mojawapo ya nguzo za hoja hiyo. Vitabu vingi vya baiolojia vya sekondari bado vinawafundisha anelida kisha athropoda, ukurasa kwa ukurasa, kama majirani wa ukuta mmoja.

Mwaka 1997 nguzo ilitikiswa. Anna Marie Aguinaldo na wenzake walichapisha katika jarida la Nature ulinganisho wa jeni moja ya ribosomu katika wanyama wengi. Athropoda hawakukaa na nyungunyungu. Walikaa na minyoo duru, wale wasio na pingili hata moja, na kinachowaunganisha ni kujivua gamba. Kundi hilo likaitwa Ecdysozoa. Nyungunyungu akaenda upande wa konokono na pweza. Tafiti nyingi zilizofuata, zenye jeni nyingi zaidi, zimeuunga mkono mgawanyo huo.

Kwa hiyo ni moja kati ya mawili. Ama babu wa zamani sana wa wote hawa alikuwa na pingili na eneo la ukuaji mbele ya mkia, na konokono, minyoo duru na wengine wengi wakazipoteza. Ama pingili zilibuniwa zaidi ya mara moja, na mfanano wa mikia ni wa njia mbili kufika mahali pamoja.

Ushahidi unavuta huku na huku. Mwaka 2003 watafiti waliomchunguza mnyoo wa baharini Platynereis dumerilii walikuta jeni za engrailed na wingless zikifanya kazi kwenye mipaka ya pingili kwa mpangilio unaofanana na wa athropoda. Mwaka 2012 ikaonekana kwamba katika kiinitete cha Tribolium, yule mbawakawa mdogo mwekundu anayeharibu unga, jeni zinawaka na kuzima kwa mapigo kama saa wakati pingili zinaongezwa kutoka nyuma. Saa ya namna hiyo ilikuwa imeshagunduliwa mwaka 1997 kwa kiinitete cha kuku, pale vinapopangwa vipande vitakavyozaa uti wa mgongo. Na wewe pia uti wako ulipangwa hivyo, kuanzia kichwani kwenda nyuma.

Je, hiyo inamaliza kesi kwa upande wa babu mmoja? Bado. Jeni ni vifaa vya kale, na seli huvitumia kwa kazi nyingi. Mafundi wawili wakitumia nyundo na msumeno, hujathibitisha kwamba walijifunza kwa mwalimu mmoja. Umethibitisha tu kwamba vifaa hivyo vipo mjini. Ili kujua zaidi unahitaji kuona jinsi ukuaji ulivyokwenda kwa wanyama wa zamani wenyewe, na hapo ndipo trilobaiti anarudi mahakamani. Gamba lake gumu huhifadhi hatua moja baada ya nyingine, tangu utotoni. Wanyama wa kale wanaoweza kukuonyesha hivyo ni wachache sana.

Tunarudi Bohemia

Mmoja wa mashahidi bora ni Aulacopleura koninckii, ambaye Barrande mwenyewe alimpa jina mwaka 1846. Anatoka kwenye miamba ya kipindi cha Siluria karibu na kijiji cha Loděnice, si mbali na Prague, na amehifadhiwa kwa wingi, wakubwa kwa wadogo. Nigel Hughes wa Chuo Kikuu cha California kule Riverside, pamoja na Giuseppe Fusco na wengine, wamempima kwa miaka mingi.

Aulacopleura ana tabia isiyo ya kawaida: watu wazima hawalingani idadi ya pingili za kifua. Wapo wenye 18, wapo wenye 22, na wengine katikati. Yaani ndani ya spishi moja mlango wa foleni haukufungwa wakati uleule kwa kila mmoja. Mwaka 2023 Jorge Esteve na Hughes walionyesha gharama yake. Wenye pingili chache walijikunja na mkia ukaingia sawasawa chini ya kichwa. Wenye pingili nyingi mwili ulikuwa mrefu mno. Ikabidi wajikunje kwa namna nyingine, na mkia ukatokeza nje ya ukingo wa kichwa. Mfuniko haukutosha sufuria.

Hapo ndipo mambo yote tuliyoyataja yanakutana mahali pamoja: kasi ya kutengeneza pingili, wakati wa kuacha kuziachia, na kama mnyama ataliwa au hataliwa. Pingili mbili zaidi au mbili pungufu, zikatoka kwenye kibamba cha nyuma.

Trilobaiti hai hutampata, lakini foleni yenyewe bado ipo. Mvua zikianza, tafuta jongoo wa ukubwa tofauti wa aina moja, uwatazame bila kuwadhuru. Hesabu pete za mdogo, halafu za mkubwa. Pete zilizozidi ziliingia sehemu moja tu: nyuma, hatua moja mbele ya mwisho. Ukipata hesabu zako, tuandikie tuzilinganishe.